Kidonge chekundu, mafuta mekundu

*Matone ya vitamini A ya Juni na Desemba yameokoa watoto wengi. Lakini chakula kilichopaswa kufanya kazi hiyo kila siku tunakipausha, tunakiunguza juani, au tunakiacha kwenye sahani ya baba.*

Na Mwandishi Wetu

MKASI uko juu ya meza, karibu na kopo la vidonge. Ni asubuhi ya Juni kwenye zahanati moja ya kijiji wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Upepo wa kipupwe unasukuma vumbi hadi mlangoni na akina mama wamebanana kwenye benchi, kila mmoja amemfunika mwanawe kanga hadi masikioni.

Muuguzi anachukua kidonge laini chekundu, anakata ncha, anambana mtoto mashavu kwa vidole viwili, anakamua. Mtoto anakunja uso, anatoa ulimi, analia kidogo. Wa miezi minane anapewa cha bluu, chenye nusu ya nguvu ya kile chekundu. Aliyetimiza mwaka anaongezewa dawa ya minyoo. Kadi inaandikwa, anaitwa mwingine.

Niliuliza kwenye benchi matone yale ni ya nini. Wengi walinijibu kuwa ni chanjo. Mama mmoja mwenye pacha alisema ni ya macho. Ndivyo alivyoambiwa na mama mkwe wake.

Huyo wa macho alikuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa hata yeye hakuambiwa lote. Kilichomo ndani ya kidonge ni chakula. Ni vitamini A iliyokolezwa, vizio 200,000 vya kimataifa kwa mtoto aliyetimiza mwaka na hajafika miaka mitano, akiba ambayo ini litaihifadhi na kuitoa kidogo kidogo. Mtoto anayekula vizuri huijaza akiba hiyo mwenyewe, kutoka kwenye bakuli lake.

Kwa hiyo kila tone linalodondoka ulimini pale zahanati linatueleza jambo kuhusu jiko la nyumbani. Jambo hilo ndilo lililonipeleka Dodoma.

Giza linapoingia

Dalili ya kwanza haionekani mchana. Mtoto anacheza na wenzake kutwa nzima, anakimbia, anadaka mpira. Magharibi ikiingia anatafuta mahali na kukaa. Akiitwa kula anapapasa bakuli. Akisimama anajikwaa kwenye kigoda ambacho wenzake wamekipita bila kukitazama. Wazazi wengi hudhani ni uvivu, au usingizi, au uoga wa giza.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, retina. Kwenye utando huo zimo seli zenye umbo la fimbo, ambazo kazi yake ni kuona mwanga ukiwa hafifu. Seli hizo hutumia rangi ya zambarau iitwayo rodopsini, na rodopsini haijengwi bila vitamini A. Mwanga ukiipiga huvunjika, kisha mwili huiunda tena. Akiba ikiisha, uundaji unakwama, na jioni ya mtoto inakuwa usiku kabla ya usiku wenyewe kufika. George Wald, mwanasayansi wa Marekani, alitunukiwa Nobel mwaka 1967 kwa mchango wake katika kuyafumbua hayo.

Akiachwa hivyo, weupe wa jicho hukauka na kupoteza mng'aro. Huweza kutokea madoa yanayofanana na povu la sabuni, mara nyingi upande wa sikio. Madaktari huyaita madoa ya Bitot, kwa jina la tabibu Mfaransa aliyeyaeleza mwaka 1863. Kisha kioo cha mbele cha jicho hupata kidonda, hulainika na kuyeyuka. Hatua hii ya mwisho inaweza kuchukua siku chache tu, na haina marejeo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 walikuwa wakipofuka kila mwaka duniani kwa sababu hii, na kwamba nusu yao walifariki ndani ya miezi 12 baada ya kupofuka.

Nusu yao. Mtu hafi kwa upofu. Kwa nini basi watoto hawa walikufa?

Wodi ya surua, Mvumi

Sehemu ya jibu ilipatikana hapa hapa Dodoma, katika hospitali ya misheni ya Mvumi, kilomita chache kutoka kwenye benchi nililokaa asubuhi ile. Ni habari ambayo kila Mtanzania alistahili kufundishwa darasani, na ni wachache mno wanaoijua.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari wa macho Allen Foster alifanya kazi Mvumi na kuona watoto wengi wakiletwa na vidonda vya kioo cha jicho. Wengi walikuwa wametoka kuugua surua. Baadhi walikuwa wametiwa dawa za kienyeji machoni, na hizo ziliwamalizia jicho lililokuwa bado linaweza kupona. Lakini chini ya surua, mara nyingi, kulikuwa na mwili ulioishiwa vitamini A.

Surua hufanya mambo mawili kwa pamoja. Inaongeza matumizi ya vitamini A mwilini, na inamkosesha mtoto hamu ya kula huku ikimwendesha tumbo. Mtoto aliyeanza na akiba ndogo anajikuta hana kitu kabisa ndani ya wiki moja.

Foster, pamoja na mwenzake Barclay na Mmarekani Alfred Sommer, walifanya jaribio Mvumi kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 walipewa vitamini A kwa siku mbili mfululizo pamoja na matibabu ya kawaida. 92 walipata matibabu ya kawaida peke yake. Katika kundi la kwanza walifariki sita. Katika la pili walifariki 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ.

> *Watoto 88 walipata matone, walifariki sita. Watoto 92 hawakupata, walifariki 12. Ilikuwa Mvumi, Dodoma.*

Hilo halikuwa jambo jipya kabisa. Mwaka 1932 tabibu Ellison wa London aliwagawa watoto 600 wenye surua makundi mawili sawa, kundi moja akalipa mafuta ya ini la samaki yenye vitamini A. Walikufa 11 upande huo na 26 upande wa pili. Dunia ikasahau kwa miaka 50. Ninaposoma historia hii, hapo ndipo moyo unaponiuma zaidi: ni watoto wangapi waliolazwa katika hiyo miaka 50 ya kusahau?

Sommer mwenyewe alifika kwenye swali hili akitokea Indonesia. Alikuwa akichunguza macho ya watoto wa Java, na alipopitia takwimu aligundua kwamba waliokuwa na dalili ndogo tu za macho, kama upofu wa usiku, walikuwa wakifa mara nne zaidi ya wenzao. Mwaka 1986 alichapisha matokeo ya jaribio la vijiji 450 vya Aceh: pale matone yalipogawiwa, vifo vya watoto wadogo vilikuwa pungufu kwa asilimia 34.

Sababu iko kwenye ngozi ya ndani. Mapafu, utumbo na njia ya mkojo vimetandikwa utando laini wenye ute, na ute huo hunasa vijidudu kabla havijaingia. Bila vitamini A, utando hukauka na kuwa mgumu kama ngozi ya nje. Askari wa damu nao hupungua nguvu. Kuhara kwa siku mbili kunakuwa kwa wiki mbili, na mafua yanashuka kifuani. Macho ndiyo yanayotangaza, lakini kinachoua ni kuhara, surua na homa ya mapafu.

Daktari wa Kilosa apinga

Kuanzia hapo vidonge vilienea duniani. Tanzania iliviingiza kwenye kampeni za mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, zilizoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuambatanishwa na Siku ya Mtoto wa Afrika na Siku ya Ukimwi Duniani. Katika nchi nyingi vidonge vyenyewe vimekuwa vikinunuliwa kwa fedha za Canada kupitia shirika la Nutrition International na kufikishwa na UNICEF.

Mwaka 2010 yakatokea mambo mawili.

La kwanza lilikuwa hapa nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulipima damu na kukuta kwamba asilimia 33 ya watoto wa miezi sita hadi 59 walikuwa na upungufu wa vitamini A. Miongoni mwa wanawake wa umri wa kuzaa, waliopungukiwa walizidi theluthi moja. Kampeni za matone zilikuwa na umri wa miaka kadhaa tayari.

La pili lilitoka kwa mtu aliyezaliwa Kilosa. Michael Latham, mtoto wa familia ya Kiingereza, alifanya kazi ya udaktari na kuongoza kitengo cha lishe cha Wizara ya Afya ya Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Mwaka huo wa 2010, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, aliandika makala kali akisema mpango wa kugawa vidonge kwa watoto wote umegeuka kosa kubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha, watumishi na sifa vimeelekezwa kwenye kidonge, huku bustani, unyonyeshaji, maji safi na bakuli la mtoto vikisahauliwa. Alifariki mwaka uliofuata.

Sommer na wenzake walimjibu mara moja: majaribio yako wazi, vidonge vinaokoa maisha, na kuviondoa kabla ya mbadala kuwa tayari ni kucheza na roho za watoto.

Ushahidi uliokuja baadaye haukumpa ushindi kamili hata mmoja wao. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la India lililohusisha watoto milioni moja huko Uttar Pradesh. Vifo vilipungua kwa asilimia nne tu, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Watetezi wa vidonge walihoji kama kweli vidonge vile viliwafikia watoto wote waliotajwa. Mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio yote, yalikadiria mwaka 2010 kwamba vifo hupungua kwa asilimia 24. Yaliporudiwa mwaka 2017 makadirio yalishuka hadi asilimia 12.

Wataalamu wanaelezea kushuka huko kwa namna mbalimbali. Chanjo ya surua imeenea, kuhara kunatibiwa kwa chumvichumvi na zinki, kwa hiyo tone lina adui wachache wa kupambana nao kuliko lilivyokuwa Aceh miaka ya 1980.

Mimi nimesoma pande zote na msimamo wangu ni huu: asilimia 12 ya vifo vya watoto wetu si kitu cha kutupa. Mtoto wa Chamwino asinyimwe tone lake kwa sababu wataalamu wanabishana. Lakini Latham alikuwa na haki katika jambo moja ambalo hakuna aliyemjibu vya kutosha. Kiwango cha vitamini A kwenye damu hupanda baada ya tone, kisha hurudi kilipokuwa ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kati ya Juni na Desemba kuna miezi sita. Miezi hiyo mingine nani anamlisha?

> *Kiwango kwenye damu hurudi kilipokuwa ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kati ya Juni na Desemba kuna miezi sita.*

Mboga na jua kali

Vitamini A iliyo tayari hutoka kwa wanyama: maini, mayai, maziwa yenye mafuta yake, samaki wadogo wanaoliwa wazima. Kipande cha ini la ng'ombe kinachojaa kiganja cha mtoto kinampa mahitaji ya siku kadhaa. Lakini ini likiingia nyumbani, mara nyingi linaishia sahani ya baba. Nimelikuta hilo Dodoma, nimelikuta Tanga, na nililikuta kwetu nilipokuwa mdogo.

Mimea haina vitamini A yenyewe, ina karotini, ambayo mwili huigeuza. Imo katika majani ya kijani iliyokolea: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga. Imo katika embe lililoiva, papai, boga la njano, karoti. Mwili huhitaji karotini nyingi ya majani ili upate vitamini A kidogo, kadiri ya sehemu 12 kwa moja, na hata hiyo haipiti kwenye utumbo bila mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tupu humpa mtoto sehemu ndogo tu ya alichokitarajia mama yake.

Mama wa Kigogo anajua hili bila kuambiwa, kwa kuwa mboga zake huungwa kwa karanga. Tatizo lake ni msimu. Dodoma mvua ni moja na fupi. Majani yanachumwa kwa wingi kati ya Januari na Aprili, yanaanikwa, yanasagwa, yanawekwa hadi kiangazi. Huo ni ujuzi wa kuheshimiwa uliovusha vizazi. Lakini karotini huharibiwa na jua kali. Majani yaleyale yakianikwa kivulini, penye hewa, hubaki na sehemu kubwa zaidi ya rangi na lishe yake. Badiliko hilo halihitaji fedha wala mfadhili, linahitaji mtu wa ugani aliyelielewa na kivuli cha paa la nyasi.

Na kuna chakula kimoja tunachokisahau kwa sababu hakipikwi. Maziwa ya kwanza ya mama, dang'a, ni ya njano kwa sababu yamejaa karotini. Bado zipo nyumba ambamo bibi humwambia mzazi ayakamue chini kwa kuwa ni machafu. Yale ndiyo matone ya kwanza kabisa ya mtoto.

Mafuta yanayong'olewa rangi

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote.

Panda treni hadi Kigoma, ingia sokoni. Utakuta mawese kwenye madumu na chupa, mekundu kama udongo wa Kasulu baada ya mvua. Rangi ile ni karotini: miligramu 500 hadi 700 katika kila kilo, na imo ndani ya mafuta tayari, kwa hiyo mwili unaichukua kwa urahisi kuliko ile ya majani. Kati ya vyakula vya asili vinavyofahamika, ni vichache sana vinavyoyakaribia. Kijiko kimoja au viwili vya chai kwa siku vinaweza kumtosheleza mtoto mdogo.

Watu wa Ziwa Tanganyika wanajua kuyala. Samaki aitwaye mgebuka anaungwa kwa mawese, maharage yanaungwa kwa mawese, na ng'ambo, Burundi na Kongo, hakuna sombe, yaani kisamvu, inayoitwa sombe bila mawese.

Lakini mafuta ya mchikichi yanayouzwa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma ni meupe, karibu maji. Ni tunda lilelile. Kiwandani hupitishwa kwenye udongo maalumu wa kupaushia, kisha hupikwa kwa mvuke wa joto la zaidi ya nyuzi 200 ili yaondoke harufu. Karotini yote inakwenda na rangi. Baadaye, kwa mujibu wa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula zilizoanza mwaka 2011, mwenye kiwanda hutakiwa kuyaongezea vitamini A iliyotengenezwa maabara, inayoagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni.

> *Tunaiua karotini iliyoletwa na tunda, kisha tunaagiza vitamini A kutoka nje ili kuirudisha.*

Wenye viwanda wana hoja na ni haki kuisema. Mteja wa mjini anataka mafuta yasiyo na harufu wala rangi. Muuza chipsi hawezi kukaangia mawese. Mawese ya kukamuliwa nyumbani mara nyingi huchacha mapema kwa sababu matunda hukaa siku nyingi kabla ya kuchemshwa. Na mafuta meupe yaliyoongezwa vitamini yamefika mahali ambapo mawese hayakuwahi kufika. Yote hayo ni kweli.

Kweli pia ni kwamba tangu mwaka 2018 serikali imeifufua michikichi ya Kigoma kwa nguvu, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akiwa mstari wa mbele, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha miche ya aina bora. Mjadala wote umekuwa wa tani na fedha za kigeni. Sijasikia swali la rangi likiulizwa kwa sauti: kiasi gani cha mafuta hayo kitabaki chekundu, kwa ajili ya nani?

Denmark walijifunza kwa uchungu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza siagi yao ilikuwa ikiuzwa nje, na watoto wa maskini wakabaki na maziwa yaliyoondolewa mafuta na majarini isiyo na vitamini. Daktari Carl Bloch akaanza kupokea watoto wenye macho yaliyooza. Mwishoni mwa vita siagi ilipogawiwa kwa mgawo ndani ya nchi, wagonjwa hao wakatoweka.

Alizeti ya Singida

Huku katikati ya nchi mchikichi hauoti. Hapa ni alizeti, na alizeti haina vitamini A ya kutajwa. Mashine ndogo za kukamua ziko kila mji wa Singida na Dodoma. Mkulima anapeleka gunia, anaondoka na dumu la mafuta na mashudu ya mifugo. Mafuta hayo hupimwa kwa kikombe sokoni, kwenye chupa za maji zilizoachwa juani.

Kanuni za 2011 ziliwagusa zaidi wazalishaji wakubwa. Mkamuaji mdogo hana kifaa cha kupimia kirutubishi, hana mahali pa kukinunua kwa kiasi kidogo, na hana uhakika kwamba mteja atalipa shilingi ya ziada. Mradi ulioitwa MASAVA, ulioendeshwa na shirika la MEDA pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Waterloo cha Canada, uliwahi kuvisaidia viwanda vidogo vya alizeti vya Manyara na Shinyanga kuongeza vitamini A. Ulionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Ulionyesha pia kuwa mwanga ni adui: vitamini A huharibika ndani ya chupa angavu, hivyo chombo kinachozuia mwanga ni sehemu ya dawa.

Kazi hiyo ingepaswa kuendelezwa na halmashauri zetu, si kusubiri mradi mwingine wenye jina jingine.

Kiazi cha rangi ya chungwa

Kanda ya Ziwa wana njia yao. Kiazi lishe, chenye nyama ya rangi ya chungwa, kinabeba karotini ya kutosha kiasi kwamba gramu 125, yaani kiazi kimoja kidogo, hukidhi mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Aina kama Kabode, iliyotoka Uganda, pamoja na Mataya na Kiegea za hapa nchini, zimekuwa mikononi mwa wakulima tangu mwanzoni mwa muongo uliopita. Mradi wa Marando Bora uligawa mbegu safi, kwa kuwa virusi humaliza marando haraka. Mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuyaongezea mazao lishe.

Kikwazo kilikuwa mdomoni. Watu wetu hupenda kiazi kikavu, cha unga, kinachokwama kooni hadi uteremshe kwa chai. Aina za mwanzo za rangi ya chungwa zilikuwa na majimaji. Watoto walizipenda, wazee walizikataa.

Mahindi ya njano nayo yana karotini, nayo tunayakataa. Walioishi miaka ya njaa ya 1970 na 1980 wanaukumbuka unga wa Yanga, mahindi ya msaada ya rangi ya njano, na hadi leo rangi hiyo kwenye ugali inawarudisha kwenye foleni ya mgawo. Simlaumu mtu kwa kumbukumbu yake. Lakini watoto wa leo hawakupanga foleni ile, na hakuna sababu ya kuwarithisha chuki dhidi ya rangi.

Isizidi

Vitamini A ikizidi ni sumu, kwa sababu mwili hauna njia ya kuitoa haraka. Mjamzito asinywe vidonge vya nguvu kubwa, kwani vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na maini asiyafanye chakula cha kila siku. Shirika la Afya Duniani liliacha mwaka 2011 kupendekeza vidonge kwa akina mama waliotoka kujifungua. Mtoto aliyepata tone mwezi huu asipelekwe kituo kingine kupata la pili. Ndiyo maana kadi ni muhimu. Karotini ya mboga, viazi na mawese haina hatari hiyo. Ikizidi sana hugeuza viganja kuwa vya njano, basi.

Mtoto mwenye surua, au asiyeona jioni, ni habari tofauti. Huyo afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, apewe dozi za matibabu, na jichoni asitiwe kitu chochote cha kienyeji. Chanjo ya surua hutolewa bure akiwa na miezi tisa na tena akiwa na miezi 18.

Waziri wa Kilimo na Waziri wa Afya wanaweza kukaa meza moja na kuamua kwamba sehemu ya mawese ya Kigoma ikamuliwe kwa usafi, ipimwe na Shirika la Viwango, TBS, ifungwe kwenye chupa zisizopitisha mwanga na kupelekwa ikiwa nyekundu hadi Dodoma, Singida na Shinyanga, kuanzia kwenye maharage ya shule za msingi na uji wa vituo vya kulelea watoto. Tunalo tunda, tunayo reli, tuna kituo cha utafiti.

Na wewe msomaji uliye na mtoto chini ya miaka mitano: Desemba kopo la vidonge litafunguliwa tena. Mpeleke, na kadi yake. Leo jioni, kabla ya Desemba hiyo, unga mchicha wake kwa mafuta au karanga, na kama nyumbani kuna ini, anza kwa kumkatia yeye.